Meza, Kuna Wateja

Shati lililopigwa pasi asubuhi lilikutwa mchana limelowa. Si lote, ni kifuani tu, kana kwamba mtu aliegemea pale akalia. Dobi alilinusa, akakunja uso, akamlaumu mkewe kwamba hakulikausha. Dobi huyo alikuwa na kipaji kimoja kikubwa: jambo likienda kombo, hakukosa mtu wa kumbebesha.

Duka lilikuwa mbele, nyumba nyuma, na katikati pazia tu. Kwa hiyo familia ile iligombana kwa kunong'ona na kucheka kwa kipimo, wateja wasije wakasikia. Binti yao wa miaka kumi na sita ndiye aliyekaa kaunta akitoka shule. Wateja walimwita Asali kwa upole wake, na wazazi wakavimba vichwa. Zaidi ya jina hilo hawakujua lolote juu ya mtoto wao, wala hawakuona haja ya kujua.

Bibi aliyemlea Asali alipofariki, walimzika, na kesho yake duka likafunguliwa. Binti alisimama kaunta midomo ikimcheza. Dobi akamwinamia sikioni.

"Meza, mwanangu. Kuna wateja."

Akameza. Na kule chumba cha pasi, nyuma ya nguo zilizotundikwa, kitu kikatafuna.

Mama alikisikia, akajiambia ni panya. Panya gani huyo anayetafuna taratibu, kwa adabu, mdomo umefungwa?

Ikawa ndiyo desturi. Binti akimkumbuka bibi, anameza. Akiogopa shule, moyo ukimwenda mbio hadi vidole vikafa ganzi, anameza. Hasira nazo alizimeza. Chakula akakiacha, usingizi ukamhama, alfajiri akawa anakaa ukingoni mwa kitanda akitazama ukuta. Mwalimu wake alikuja kueleza kwamba binti ana wasiwasi uliopitiliza, na sasa sonona imemwingia. Dobi alimcheka waziwazi.

"Sonona ni ya watu wenye nafasi, mwalimu. Huyu ana kazi."

"Mbona ametulia tu?" mama akaongezea.

Ametulia! Hata maiti hutulia.

Siku moja, jua likiwaka nje, mama aliingia chumba cha pasi kuchukua mapazia ya mteja, akapigwa na harufu ya nguo mbichi zilizosahauliwa ndooni, ilhali kila kitu mle kilikuwa kikavu, na alipoinua macho akaona nguo zote zimetulia kwenye hanga isipokuwa gauni moja lililokuwa likipanda na kushuka kifuani, likipumua, na chini ya pindo lake pakatokea nyayo mbili zilizolowa, za ukubwa wa miguu ya bintiye, na kutoka mahali ambapo shingo ingekuwapo ikatoka sauti ya Asali, ile ile ya kaunta, tamu, ikisema, "Karibu, tukusaidie nini?"

Mama hakupiga kelele. Aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Ndivyo walivyozoea humo ndani.

Mganga aliingizwa kwa mlango wa nyuma, watu wasimwone. Alikuwa mwanamke mkavu wa maneno. Akanusa chumba cha pasi, akamtazama binti, kisha wazazi.

"Hili jini hamkutumiwa. Mmelifuga wenyewe. Linakula kila anachokimeza huyu."

"Dawa yake?" dobi akanong'ona.

"Alie. Alie mpaka aishiwe, na mtu asimzuie. Akizuiwa leo, jini litaacha makombo, litamla mwenyewe."

Akamshika binti mabega. "Mwite bibi yako, mwanangu."

Mwanzoni ilitoka pumzi tu, kisha mkwaruzo, kisha "Bibi!" moja iliyozitikisa hanga zote, na nyingine, na nyingine, machozi yakimtoka na makamasi yakimtoka, na kila alipoita nguo zilidondoka sakafuni na lile jini lililojificha nyuma ya nguo hizo likasinyaa na kujikunyata pembeni likilia njaa, na mganga akawa anasema, "Endelea, endelea, linatoka," ndipo huko mbele mtu akabisha kaunta akauliza kama suti yake ya harusi iko tayari.

Dobi alinyakua taulo, akamkandamiza bintiye mdomoni.

"Dakika moja tu," alinong'ona, akitabasamu kuelekea pazia. "Dakika moja, mwanangu."

Mganga aliung'oa mkono wake, lakini taulo lilipoondoka hapakuwa na kilio tena. Kule pembeni palisikika funda moja kubwa likishuka.

"Mtoto alikuwa amefika mlangoni pa kupona," mganga alisema, akabeba mkoba wake akaenda zake.

Jioni Asali alikula sahani mbili. Akawachangamkia wateja, akamsifu bwana harusi kwa suti yake. Dobi alifurahi kupita kiasi, akamwita mganga tapeli.

Mama na binti walikuwa nyuma wakikunja mashuka, kila mmoja ameshika ncha zake. Tangu walipoanza, binti hakuwa amepepesa macho hata mara moja.

"Mwanangu yuko wapi?" mama aliuliza kwa sauti ndogo.

"Yule anayelia?" Sauti ilikuwa laini kabisa. "Yuko huku ndani. Nimtoe, mama? Ila atapiga kelele, na baba ana watu."

Mama alitazama pazia. Alimsikia mumewe akicheka na wateja.

"Vuta upande wako," akasema. "Tukunje."