Matairi ya Kwenda Nyunzu

Kila asubuhi Cyprien huosha gari lake. Mke wake, Laurette, humletea chai palepale, maana akianza kuosha husahau kula. Gari hilo hubeba abiria mjini Kalemie.

Jumanne moja, Cyprien alijiandaa kwenda Nyunzu kumchukua mama mkwe wake, Mama Hélène. Macho ya mama huyo yalikuwa na ukungu. Daktari wa macho alikuwa Kalemie hadi Ijumaa tu.

"Mvua imeanza," Laurette alisema. "Barabara ni matope. Tutafika?"

"Usiogope. Nimenunua matairi ya okazio, yaliyokwisha kutumika Ulaya. Angalia meno yake!"

Waliyapeleka kwa Mama Fanny, fundi wa matairi. Alipangusa ubavu wa tairi moja kwa kitambaa.

"Papa Cyprien, unaona mchoro huu wa mlima na nyota?"

"Ni pambo."

"Hapana. Hii njo alama ya theluji. Hapa Kalemie theluji utaikuta wapi? Ndani ya friji ya bia?"

Laurette alicheka. Cyprien hakucheka.

"Lakini meno ni marefu!"

"Bonyeza. Mpira ni laini. Kwenye baridi, ulaini unasaidia. Kwa joto letu unalegea, unaisha upesi, na gari linachelewa kusimama."

"Basi nitabaki na yale ya zamani."

"Yale yana kipara kukushinda wewe! Hayana mifereji. Maji ya mvua yakikosa pa kutokea, gari linateleza. Tafuta meno marefu, mifereji mipana na mpira wa nchi ya joto. Soma pia namba nne za ubavuni. Mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Mpira wa zamani sana umechoka, hata kama meno ni mazima."

Aliyemuuzia Cyprien matairi ya theluji alikubali kubadilisha, lakini alikuwa na mawili tu yanayofaa. Mama Fanny akafungua mawili ya gari la mume wake, Papa Dédé.

"Papa Dédé hasafiri mpaka Jumamosi jioni. Nenda."

Alhamisi, wakirudi na Mama Hélène, mvua ilinyesha sana. Kwenye mteremko, gari moja lilikuwa limeteleza mtaroni. Cyprien alipunguza mwendo, akapita polepole. Matairi yalishika njia.

Ijumaa, Mama Hélène alipasuliwa. Jumamosi asubuhi, muuguzi aliondoa bandeji. Mama Hélène alimtazama binti yake kwa muda mrefu, akamfuta machozi. Kisha akaenda nje, akainama karibu na gari.

"Njia nzima mulisifu matairi. Ya Papa Dédé ni yapi?"

Cyprien alimwonyesha. Mama Hélène aliyapapasa taratibu.

"Haya," alisema, "tuyarudishe kwanza. Nataka pia kuona uso wa huyo Mama Fanny."