Kilicholala Chini ya Pamba

Theluji ilikuwa imefunika kila paa la mtaa ule wa Blaenau, ila paa la Bi Buddug lilikuwa na kipande kimoja kitupu, kirefu kama mtu aliyelala chali. Idwal, fundi umeme, alisimama getini na sanduku lake la vifaa, akakitazama.

"Umeona, Lowri?"

"Nimeona, baba. Joto linavuja. Pamba yake ya darini itakuwa imeoza."

Ingekuwa imeoza, basi mimi nisingekuwa na la kusimulia. Walipofungua mlango wa dari walikuta pamba ya kioo tele, ile ya kuzuia joto lisitoke, blanketi juu ya blanketi, ya waridi juu ya njano, ya njano juu ya kijivu, inafika mapajani. Nyumba iliyotandikwa hivyo haivujishi joto. Theluji ingekaa juu yake mpaka majira ya kuchipua.

Bi Buddug, mjane mwenye uso usiosema lolote, aliwapa chai akiwa amevaa koti lake la baridi humo humo ndani. Chai ilitoka jikoni inafuka mvuke. Ilipofika mdomoni kwa Idwal ilikuwa imepoa.

"Nataka soketi moja darini," alisema mjane. "Niweke hita. Mabomba yanaganda."

"Hita darini, mama?" Lowri alicheka. "Unampashia nani joto, panya?"

Bi Buddug hakucheka. "Waya uchomekeni chini ya pamba. Msifunue kitu."

Baba na binti wakatazamana. Haya, mwenye nyumba ana maneno yake, na fundi naye ana miiko yake. Waya uliozikwa kwenye pamba haupoi. Hupata moto kidogo kidogo, ngozi yake ikalainika, na siku moja nyumba ikaungua watu wamelala. Ndiyo maana fundi wa kule haungi waya mpya kwenye wa zamani kabla hajauona wa zamani mwanzo hadi mwisho.

"Panda wewe," Idwal alimnong'oneza binti yake. "Mimi kitambi kitakwama."

"Kitambi cha maharage ya kopo! Lini utapika, baba?"

Idwal alitabasamu kwa mdomo tu. Tangu mkewe Nesta azikwe mwaka uliopita, kila kitu alikifanya kwa mdomo na mikono tu. Makaburini hakutoa chozi, watu wakamsifu kwa ukakamavu. Ukakamavu gani! Moyo ulikuwa umekufa ganzi, basi. Lowri ndiye aliyebaki wake, na hata yeye, Idwal alimtazama kama mtu aliye upande wa pili wa kioo.

Lowri akavaa barakoa, akapanda. Idwal akabaki chini ya ngazi akimlishia waya. Alimsikia akitambaa kwenye maboriti, kisha hakumsikia, maana pamba nyingi humeza sauti.

"Baba," ikaja sauti ndogo. "Waya wa zamani unaingia katikati. Nafunua."

"Funua, lakini taratibu."

Halafu ikashuka harufu ya nywele zilizolowa na blanketi isiyoanikwa.

"Baba, kuna shimo humu. Kama pamelaliwa. Ni pa moto."

"Toa mkono."

"Pa moto kabisa, baba. Pananishika."

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililompandisha Idwal ngazi mbili mbili. Alimkuta amelala kifudifudi, mkono wa kulia umezama ndani ya pamba mpaka kiwiko, macho wazi. Akamvuta kwa mabega. Pamba ilimshikilia kidogo, kisha ikamwachia.

Chini, mkono wa Lowri ulikuwa mweupe kama mshumaa. Idwal aliufinya, akaupiga, akaupulizia.

"Sisikii," alisema Lowri. "Hauumi, baba. Hata siogopi." Weupe ulikuwa unapanda, umeshapita kiwiko.

Bi Buddug alikuwa amesimama mlangoni. "Mmefunua," alisema kwa sauti ya chini.

"Kuna nini huko?"

"Jini gani sijui. Nilihamia nikalikuta. Mchungaji alikuja kuliombea, akashuka meno yanagongana, hakurudi tena. Linalia baridi. Nikilifunika linalala, kwa hiyo kila mwaka naongeza blanketi. Hazilitoshi tena, ndiyo maana ya hita."

"Na mkono wa mwanangu?"

"Linakula joto. Si la ngozi, la moyoni. Mimi sijacheka humu ndani miaka na miaka, ndiyo maana ninaishi." Akashusha sauti zaidi. "Ganzi ikifika kifuani hatarudi. Lifunikwe kabla."

Idwal alipanda peke yake, akatambaa juu ya boriti huku tochi ikififia, na lile shimo alikuta si shimo tena bali mgongo, kitu kimeinuka chini ya tabaka la kijivu kinapumua polepole, na alipoishika blanketi ya kwanza kuirudisha, vidole visivyo na kucha vilimkamata kifundo cha mkono, vikapanda begani, vikashuka kifuani, vikapapasa huku na huku kama mtu anayetafuta funguo mifukoni mwa koti la mwenzake, vikarudia, vikasita, na sauti kavu ikamwambia sikioni, "Humu hamna kitu." Kisha vikamwacha.

Idwal hakuhisi hata uchungu wa kuambiwa hivyo. Alitandika ya kijivu, ya njano, ya waridi, akakandamiza pembeni kama unavyomfunika mtoto, na kitu kikatulia.

Aliposhuka, Lowri alikuwa anatazama vidole vyake vikicheza. Damu ilikuwa imerudi. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Baba! Vinauma! Tazama, vinauma!"

Na Idwal, wallahi, alifurahi. Furaha ilimjia ghafla kifuani, ya moto, akanyoosha mikono amkumbatie mwanawe.

Juu ya vichwa vyao pamba ikachakarika.

"Fundi," Bi Buddug alinong'ona, "usifurahi. Nakuomba. Si humu."

Mchakaro ukasogea mpaka usawa wa mlango wa dari. Idwal alishusha mikono. Aliishika furaha ile akaikaba, kama mtu anayezima mshumaa kwa vidole.

"Kusanya vifaa," alimwambia binti yake.

"Baba? Hata hunishiki?"

"Kusanya vifaa, Lowri. Twende."

Lowri akainama, machozi yakimkaukia mashavuni, akaanza kukunja waya. Huko juu kukanyamaza.

Garini, mtaa ule ulipobaki nyuma yao, Idwal alilisimamisha kando ya barabara. Hapa ruhusa kufurahi, alijiambia. Akamgeukia mwanawe, akaitafuta ile furaha mahali alipoiacha. Akatafuta tena, hamna kitu. Akamkumbatia hivyo hivyo, kwa mikono.

"Una baridi, baba," alisema Lowri begani mwake. "Unaganda!"

"Hapana, mwanangu," alijibu, na alikuwa anasema kweli. "Sina baridi."