Sababu ya Kuhamisha Faili

Wendell Niemi alitoa damu kwa kuona haya, si kwa sababu ya huruma, na hilo analikubali mwenyewe hadi leo.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Januari, na ukumbi wa michezo wa Chuo cha North Harbor, pale Duluth, mji wa baridi kando ya ziwa kaskazini mwa Marekani, ulikuwa umejaa pomoni. Upande wa kulia walikuwepo watu wa kuchangisha damu na vitanda vyao. Upande wa kushoto ofisi ya misaada ya masomo ilikuwa imepanga meza kumi na mbili, kusaidia watu kujaza ile fomu ndefu ya serikali ya kuomba msaada wa karo. Katikati makoti yalichuruzika theluji, watoto walilia, na foleni mbili zilikuwa zimeingiliana hata hujui nani yuko wapi. Wendell, pande la mtu wa miaka arobaini na sita, aliingia na bahasha ya karatasi za kodi kwapani, akajiunga na foleni ya kwanza aliyoiona. Alisimama dakika arobaini. Alipotambua kuwa kule mbele kuna sindano na si fomu, alikuwa amebakiza mtu mmoja tu.

Ndivyo alivyofika kwenye meza ya Lorna Haugen wa ofisi ya misaada, plasta mkono huu, biskuti ya bure mkono ule.

"Sisi hatudai damu, bwana," Lorna alimwambia. "Karatasi tu zinatosha."

"Nilikosea foleni."

"Na ulipogundua?"

"Nilikuwa nimeshafika. Yule mama ameshanivutia kiti. Sasa ningemwambia nini?"

Lorna akacheka, tena kicheko cha kweli, kilichomfanya mwenzake wa meza ya pili ageuke. Alikuwa na miaka arobaini na tatu, amevaa sweta la rangi ya haradali, nywele amezifunga nyuma kwa penseli. Aliyekuwa mumewe alihamia Arizona miaka sita nyuma na mwanamke wa duka la vigae. Tangu hapo Lorna alikuwa akila chakula cha mchana ndani ya gari, injini ikinguruma, macho ziwani. Nyumbani aliacha redio ikiwaka mchana kutwa, ili akirudi na kufungua mlango akute sauti ya mtu.

Walijaza fomu swali kwa swali mpaka wakafika lile la watu wa nyumbani.

"Mnaishi wangapi kwako?"

"Wawili," Wendell akajibu haraka. Kisha akaiweka biskuti chini. "Hapana. Mama alifariki siku tatu kabla ya Krismasi. Kwa hiyo andika..."

Hakuweza kumalizia. Lorna akaivuta kompyuta upande wake taratibu, akaandika mwenyewe: mmoja.

"Hata kwangu huwa ni hivyo hivyo," akasema.

Tangu siku ile simu zikaanza. Wendell alipiga kuuliza kama karatasi zimefika. Zilikuwa zimefika. Alipiga kuuliza kama sahihi yake inasomeka.

"Ofisi ya misaada ya masomo, Lorna anaongea."

"Ni mimi Niemi."

"Bwana Niemi. Umetoa damu wapi leo?"

"Leo nimepumzika. Nauliza tu, ukurasa wa pili ulisomeka?"

"Ulisomeka jana. Na juzi pia ulisomeka."

"Basi vizuri. Huko kwenu upepo ukoje?"

"Huko kwetu, Bwana Niemi, ni mtaa wa nne kutoka kwako."

Mkuu wa ofisi, Arlys, mama wa miaka sitini na moja mwenye goti bovu na masikio mazima, alikuwa akisikiliza yote haya huku anajifanya kutafuta kalamu. "Mwanamke," alimwambia Lorna, "hiyo simu imekuambia nini hata masikio yamekuwa mekundu?"

"Ukurasa wa pili."

"Huo ukurasa wa pili una mke?"

"Acha zako, Arlys."

Kisha ikaja Kwaresma, na Ijumaa ukumbi wa kanisa la mtaani kwao hukaanga samaki. Wendell alimkuta Lorna kwenye foleni ya samaki na sahani ya karatasi mkononi. Safari hii foleni alikuwa hajaikosea. Wakala pamoja Ijumaa ile, na iliyofuata, na nyingine mbili. Wendell alikuja na koti lake la zamani la kiwanda cha karatasi, jina lake limeshonwa kifuani, ndevu amezichonga vizuri. Alimweleza jinsi kiwanda kilivyofungwa baada ya yeye kukifanyia kazi miaka ishirini na miwili, na jinsi alivyomuuguza mama yake mpaka muuguzi wa nyumbani akamwambia mikono yake imeumbiwa kazi hiyo. Sasa alitaka kusomea uuguzi. Darasa lilikuwa linaanza Agosti, na nafasi ilibidi ithibitishwe kwa ushahidi wa karo kabla ya Juni mosi.

"Nyumba imekuwa kubwa," alimwambia Ijumaa ya nne, akichezea uma wake. "Nikikohoa jikoni, nasikia kikohozi changu chumbani."

"Washa redio," Lorna akamwambia.

"Inasaidia?"

"Haisaidii sana."

Hawakushikana hata mkono. Lorna alijiambia kwamba ni samaki tu. Watu wengi hujiambia uongo mkubwa kuliko huo.

Tarehe kumi na nne Aprili faili la Wendell likatua mezani kwake. Ile fomu ya serikali huuliza mapato ya mwaka juzi, na mwaka juzi kiwanda kilikuwa bado kinanguruma, kwa hiyo kwenye karatasi Wendell alionekana mtu mwenye uwezo. Dawa yake ilikuwa moja: ofisi ya chuo iombwe kuitazama upya hali ya mtu kama ilivyo leo. Aliyekuwa akiamua maombi hayo ni Lorna peke yake. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Kila karatasi ilikuwepo, kila jambo lilikuwa kweli.

Alilifungua. Akalifunga. Akalifungua tena.

Sheria ya ofisi ilikuwa wazi: usiamue faili la mtu wa moyo wako. Hakuna aliyejua habari za samaki isipokuwa Arlys, na Arlys asingesema. Angeweza kutia sahihi na kunyamaza. Lakini wakaguzi hupita kila mwaka, na wakigundua, mtu anayenyang'anywa msaada katikati ya masomo ni mwanafunzi. Faili ambalo Lorna haligusi huenda jimbo la Nebraska, kwa kampuni inayozisaidia ofisi ndogo kama yao, na mwezi ule foleni ya Nebraska ilikuwa ya wiki saba. Alihesabu kwenye kalenda ya ukutani. Wiki saba ziliangukia Juni pili.

Akatoa fomu ya kuhamisha faili. Sababu zilikuwa tatu za kuchagua: undugu, biashara, nyingine. Akaweka alama kwenye nyingine, palipoandikwa eleza. Akakaa na kalamu mkononi muda mrefu. Kisha akaandika mistari miwili, akaikunja karatasi na kumpelekea Arlys.

Arlys alisoma, akavua miwani. "Ameshakuambia chochote huyu bwana?"

"Hajaniambia."

"Na wewe umemwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba nimepoteza akili kwa sababu ya vipande vinne vya samaki? Kama yeye hana habari nami je? Nitauweka wapi uso wangu?"

Basi ikabidi ampigie Wendell.

"Bwana Niemi, faili lako litashughulikiwa na watu wengine. Wa Nebraska."

"Nimekosa nini?"

"Hukukosa. Ni utaratibu."

"Utaratibu gani huo ulioanza leo?"

"Siwezi kueleza. Na huenda wakachelewa kidogo. Nimewaandikia waharakishe."

"Basi sawa," Wendell akasema. Ukimsikia mtu wa Duluth akisema basi sawa kwa sauti ile, ujue si sawa hata kidogo. Akakata simu, na hakupiga tena.

Barafu ya ziwa ikapasuka. Meli ya kwanza ya madini ilipopita chini ya daraja na kupiga honi, ofisi nzima ilitoka kuitazama. Lorna akabaki kulinda simu. Zilipigwa nyingi, na kila aliposema jina lake alikuwa akisubiri kusikia la Niemi. Kwenye ukumbi wa kanisa Kwaresma ilikuwa imekwisha na samaki nao, kulikuwa na mazoezi ya kwaya. Mara mbili alimwona Wendell dukani, amesimama mbele ya supu za makopo, anasoma karatasi ya kopo kama barua. Mara zote mbili Lorna aliacha kikapu chake palepale akatoka kwa mlango wa pembeni. Alimpenda, na alikuwa amemponza, na mbali na Arlys hakuwa na mtu wa kumweleza hata moja kati ya hayo. Usiku alianza kuiacha redio ikiwaka mpaka alfajiri.

Kila Jumatatu aliwaandikia watu wa Nebraska. Kila Jumatatu walimjibu kwa adabu kwamba faili liko kwenye foleni.

Jibu lilikuja Juni tano. Ombi limekubaliwa lote. Nafasi ya Agosti ilikuwa imekwisha kwenda kwa mtu mwingine siku nne kabla.

Wiki iliyofuata Wendell mwenyewe akaja. Alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi na kofia mkononi. Hakumtazama Lorna, alikwenda moja kwa moja kwa Arlys.

"Nimeambiwa mwombaji ana haki ya kuona faili lake."

"Unayo."

"Basi naliomba. Lote. Nataka kuona nimeandikwa nini."

Arlys akamtupia Lorna jicho. Lorna akatikisa kichwa, hapana, hapana, lakini haki ni haki. Arlys akampeleka Wendell chumba kidogo cha vioo, akamwekea faili mezani, akatoka akichechemea.

Lorna aliona kila kitu kupitia kioo na hakuona pa kujificha. Wendell alifunua karatasi za kodi. Alifunua barua ya kiwanda, cheti cha kifo cha mama yake. Akafika kwenye ile iliyokunjwa. Akaikunjua, akainama juu yake, na hapo akakaa. Kisha akalifunga faili, akavaa kofia, akapita mbele ya dawati la Lorna bila kugeuza shingo, akatoka. Mlango ukajifunga polepole kama kawaida yake.

Lorna alijikaza. Akachukua faili la mtu mwingine, akalishika kichwa chini miguu juu. Simu ikalia.

"Ofisi ya misaada ya masomo, Lorna anaongea."

"Ni mimi Niemi."

Akatazama dirishani. Gari kuukuu la Wendell lilikuwa kwenye maegesho, na mwenyewe amesimama kando yake, upepo unampeperusha shati.

"Mbona uko nje?"

"Humo ndani mna watu. Nimeona haya." Akavuta pumzi. "Lorna. Hii hati ni yako? 'Nikiona jina lake kwenye orodha ya miadi, siku yangu inabadilika. Siwezi kuliamua faili hili kwa haki.'"

"Umeikariri?"

"Nimeisoma mara nne. Ni yako?"

"Ni yangu."

"Imeandikwa Aprili. Ulijua tangu Aprili?"

"Tangu plasta," Lorna akasema.

"Nilikuja hapa na hasira. Nilidhani umeniandika mwongo. Usiku kucha napekua kichwa, nilisema nini pale kanisani, nilikula vibaya, nilicheka vibaya..."

"Umekosa nafasi yako kwa sababu yangu, Wendell."

"Nitaanza Januari. Miezi mitano naiweza. Kilichonishinda ni kule kudhani umenichoka."

"Mimi nikuchoke wewe? Kila simu ilipolia nilikuwa nakuomba uwe wewe!"

"Na mimi nilikuwa nashika simu naiweka chini. Mara kumi kwa siku."

"Tumezeeka kwa ujinga, mpenzi wangu," Lorna akasema, na neno lile lilikuwa limeshatoka kabla hajalizuia. Kwenye dawati la nyuma Arlys akaacha kujifanya anatafuta kalamu.

Dirishani Lorna alimwona Wendell amevua kofia, anaizungusha mkononi.

"Fomu ya mwaka mpya inafunguliwa Oktoba?"

"Oktoba mosi."

"Lile swali la watu wa nyumbani. Nataka nijue mapema. Mwaka huu niandike wangapi?"

Machozi yalikuwa yanamtiririka Lorna hadi kwenye sweta. "Siruhusiwi kukusaidia hapo," akasema. "Niliandika kabisa kwamba siwezi kuwa mwenye haki."

"Basi usinisaidie. Nijibu tu."

"Mwanamke!" Arlys akapaza sauti. "Hiyo simu ni ya ofisi! Toka nje ukaongee na mtu!"

Lorna alitoka bila koti. Upepo wa ziwani ulikuwa bado una meno ingawa ilikuwa Juni. Wendell alikuwa angali ameishikilia simu sikioni, anasema, "Haloo? Lorna? Haloo?" na hakumwona mpaka alipofika karibu kabisa.

"Wawili," Lorna akamwambia.

Jioni walikwenda kwa Lorna kula. Alipofungua mlango, mwanamume wa redioni alikuwa anaongea peke yake jikoni, anaeleza hali ya mawimbi ziwani. Wendell alivua viatu kwenye mkeka. Lorna akaenda jikoni na kuizima redio.