Karatasi ya Nne

Kila Jumatano tukitoka shule hatukwenda kucheza. Tulikwenda kuhubiriwa. Wazazi wetu walikuwa watu wa chuo cha theolojia cha Kilutheri, na chuo kilihitaji waumini wa kujaribia. Wanafunzi wa uchungaji walipanda mimbari ya kanisa dogo la chuo mmoja mmoja, nasi watoto tulikaa benchi la mbele, tumeoga na kunyamazishwa. Mwisho wa mahubiri kila mtoto alipewa kikaratasi chenye swali moja: Umesikia nini?

Mwalimu wa somo la kuhubiri alikuwa mchungaji mzee tuliyemwita Mkasi, kwa jinsi alivyokatakata mahubiri ya watu bila huruma. Aliviamini vikaratasi vyetu kuliko maoni ya wahadhiri wenzake. "Mtoto asipokuelewa," aliwaambia wanafunzi wake, "umejihubiria mwenyewe."

Mimi nilikuwa binti wa mpishi wa chuo, na jina langu mtaani lilikuwa Kasuku. Nikimsikia mtu mara moja tu, niliweza kumrudia neno kwa neno, sauti, kikohozi na vyote. Nyuma ya jiko niliwachekesha wenzangu watatu mpaka wakashika mbavu. Wawili walikuwa Pacha, watoto wa mlinzi. Wa tatu alikuwa binti wa Fundi.

Fundi alikuwa mwanafunzi mwenye umri mkubwa kuliko wote. Alikuwa mwashi kwa miaka ishirini kabla ya kuja kusomea uchungaji. Waliomsomesha ni makanisa ya Kilutheri ya nchi za mbali, watu ambao hawakumjua hata kwa sura. Naye alikuwa na kigugumizi. Nisijisafishe hapa: katika watu wote wa chuo, Fundi ndiye niliyependa kumwiga zaidi, na nilimwiga zaidi binti yake akiwepo. Binti huyo alicheka pamoja nasi huku anatazama chini, kwa sababu asiyecheka tulimtoa kwenye kundi letu.

Jumatano moja Fundi alihubiri kwa mara ya tatu. Mara mbili za kwanza alikuwa ameanguka mtihani. Kanuni ya chuo ilikuwa ngumu na kila mtu aliijua: ukianguka mara ya tatu, unafunga mizigo, na nafasi yako anapewa mwingine.

Alihubiri kuhusu tofali. Alisema tofali kavu hunyonya maji ya saruji, halishiki, na ukuta wake ukiuegemea unakwenda nao chini. Ndiyo maana mwashi hulitia tofali majini kwanza. "T-t-tofali halijiloweshi," alisema, jasho likimtiririka. "F-fundi ndiye anayelilowesha. Na n-neema ya Mungu ni hivyo hivyo. Inakukuta ungali m-mkavu."

Nilielewa kila neno. Hata leo naweza kuyarudia yote. Lakini Pacha walikuwa wananitazama, wanangoja mchezo, nami sikutaka kuwaangusha. Nikaandika kwenye kikaratasi changu: Sikuelewa kitu. Nikawaonyesha, nao wakanakili huku wameziba midomo. Binti wa Fundi alishika kalamu tu.

"Andika," nikamnong'oneza. "Usipoandika, benchi hili si lako tena."

Akaandika.

Mkasi alikuwa na desturi ya kusoma vikaratasi kwa sauti, mbele ya mhubiri. Akasoma cha kwanza: "Sikuelewa kitu." Cha pili: "Sikuelewa kitu." Cha tatu, vilevile. Cha nne alikisoma polepole kidogo. Fundi akanyoosha mkono, akaomba akione. Akakitazama, akakikunja, akakitia mfuko wa shati.

"Mara ya tatu," Mkasi alisema. "Pole, ndugu yangu. Si kila anayeitwa ameitwa mimbarini." Akafunga daftari lake.

Kesho yake mchana magodoro ya Fundi yalikuwa nje, yamefungwa kamba. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko, nawapa Pacha mahubiri ya tofali kutoka mwanzo, vigugumizi vyote mahali pake. Nilipofika kwenye neema, mlango wa jiko ukafunguka. Mama alisimama pale na kisu cha viazi mkononi.

"Hayo ndiyo mahubiri ya jana?"

"Ndiyo, mama."

"Yote?"

"Yote."

"Na kwenye karatasi uliandika nini?"

Nikatazama kisu cha viazi. Mama hakuniuliza mara ya pili. Akanishika mkono kwa vidole vyake vilivyolowa, akanivuta kupita ua mzima, aproni kiunoni, mpaka ofisini kwa Mkasi. Fundi alikuwa humo, anarudisha vitabu vya maktaba.

"Mchungaji," mama alisema, "mimi nawamenyea viazi hapa mwaka wa kumi na moja, sijawahi kuwaingilia kazi. Leo naingilia. Mwulize huyu jana alisikia nini."

Mkasi akavua miwani. Nikaanza. Nilisema mahubiri yale kwa sauti yangu safi, bila kukwama popote, nikidhani nafanya hisani.

"Hapana," Fundi akanikatiza. "H-huyo si mimi. Sema kama unavyosema n-nyuma ya jiko. Nimeshakusikia, mwanangu. Dirisha letu liko pale."

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini mama alikuwa amesimama mlangoni. Basi nikamwiga Fundi mbele ya Fundi, kila kigugumizi, mpaka mwisho. Hakuna aliyecheka. Ndipo nilipojua kuwa sikuwa nachekesha hata kidogo.

Mkasi akavaa tena miwani. "Mtoto ameshika kila neno," alisema, "nami niliiamini karatasi yake kama kipofu. Umefaulu, ndugu. Uniwie radhi." Alisema kwa shida, kama mtu asiyezoea.

Nje, Fundi alinisimamisha. Akatoa kikaratasi mfukoni.

"Zile t-tatu sikuziomba. Yako nimekusamehe. Hii niliijua kwa mwandiko tangu jana. Mimi ndiye niliyemshika mkono, nikamfundisha a-alfabeti kwa penseli yangu ya kazi." Akakitia mkononi mwangu. "Uongo wako ungeusema peke yako, yangekwisha. Wewe ulimlazimisha mtoto amkane baba yake ili apate pa kukaa. Hilo siwezi k-kukusamehe kwa niaba yake. Nenda kwake."

Nilimkuta binti wa Fundi, habari zimeshamfikia, anafungua kamba za magodoro. Nikampa kikaratasi. Alikitambua kabla hajakikunjua.

"Alijua tangu jana," alisema. "Alirudi nyumbani, akaniuliza kama nimekula. Basi. Afadhali angenichapa."

"Nisamehe."

"Siwezi." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Nilirudi jikoni nikilia, nikitegemea mama atanihurumia. Alinisogezea beseni la viazi na kisu.

"Amekataa?"

"Amekataa."

"Ana haki. Kumwumiza ulitumia mstari mmoja, ukadhani na radhi nayo ni mstari mmoja? Uongo unaandikwa upesi, mwanangu. Kuufuta ni kazi, na kazi haifanywi siku moja. Kesho utarudi kule. Akikataa, keshokutwa utarudi tena. Na tangu leo, ukiulizwa umesikia nini, utasema ulichosikia, hata benchi zima likuhame. Sasa menya."

Nilimenya. Kesho yake nilirudi, mlango haukufunguliwa. Jumatano iliyofuata binti wa Fundi alikaa peke yake benchi la nyuma kabisa, na mimi nikaandika kikaratasi changu bila kumwonyesha mtu. Nilibisha hodi kwao siku nane. Siku ya tisa akafungua, akanitazama, akasema tu, "Kaa hapo nje, nakuja."