Benzi ya Wilhelmina

Jua lilikuwa linaelekea kuzama na Benzi bado imegoma kuwaka. Masista wa Kisesa wanaolea yatima walikuwa wanaisubiri tangu asubuhi. Fundi alikuja hapa Nyakato, akafungua boneti, akasema haina ubovu wowote. Mimi nikajua tu. Mwenyewe hataki.

Mwenyewe ni Wilhelmina, mke wa kwanza wa mume wangu Chenge. Alifariki kabla mimi sijaolewa. Biashara ya minofu ya sangara ilipochangamka, Chenge alimnunulia Benzi nyeupe kwa tajiri mmoja aliyekuwa anahama mji. Mwanza nzima ilimjua. Mwanamke mfupi, kiti kakivuta mbele mpaka kifua kinagusa usukani, na mumewe kakaa kushoto anachekacheka.

Semeni mnavyotaka, nina wivu. Mke mwenza aliye hai unamsuta, mnavutana kanga, yanakwisha. Huyu wa kaburini utamsuta vipi? Kila jioni Chenge alitoka kwenda kukaa ndani ya ile gari. Kushoto. Haiwashi, anaongea tu kwa sauti ndogo. Na mimi mke wa ndoa, ugali unapoa mezani!

Nikamwambia achague, gari au mimi. Kuiuza alikataa katakata, eti hawezi kula hela ya Mina. Basi itoe sadaka, nikasema, yatima wapate usafiri wa kwenda hospitali. Alikubali huku analia.

Shangazi yake, bibi Masalu, ndiye aliyekuja kuiaga. Kwao kitu cha marehemu hakitoki uani hivi hivi. Marehemu anaitwa kwa jina, anaambiwa: hiki ni chako, tunakitoa, hiki kinabaki, kiache. Kimoja kimoja.

"Shikamoo shangazi," nilimwambia, "lakini jina hilo halitajwi kwenye ua wangu."

"Marahaba. Mwanangu Dorcas, usipomtenganishia, atachagua mwenyewe."

"Basi nitamuaga mimi."

Nikalipiga teke tairi la mbele. "Wewe mwenye gari! Chukua kila kilicho chako uondoke. Nyumba hii ina mke!"

Shangazi akajiziba mdomo kwa kanga.

Chenge akazungusha ufunguo. Gari ikawaka mara moja.

Nilipanda kushoto, kwenye kiti chao cha mapenzi, nikafunga mlango kwa nguvu. Tulipoiacha Igoma nyuma, giza likaanza kushika. Hapo nikasikia harufu ya poda. Poda ile ile iliyogoma kutoka kwenye kabati nililorithi kwa marehemu, hata nilipolisugua kwa sabuni na majivu.

Halafu...

Krrk.

Kiti cha Chenge kilisogea mbele kidogo.

Krrk... krrk...

Chenge ni mrefu. Magoti yake yalipanda mpaka yakabana chini ya usukani, kifua kikaugusa. Hakushtuka. Wala hakupunguza mwendo.

"Baba, rudisha kiti nyuma," nilinong'ona.

"Kiko sawa hivi," alinijibu. Alikuwa anatabasamu, na hakuniangalia.

Nikaanza kusali. Salamu Maria ilinipotea katikati, mimi niliyebatizwa kichanga!

Kisesa watoto walitupokea kwa vigelegele. Sista Sabina, mkuu wa kituo, akatushika mikono, akashukuru. Chenge alishuka, akazunguka gari polepole, akafungua mlango wa kushoto nilikotoka mimi. Akakaa. Akafunga.

"Baba, na wewe tumepewa?" Sista alitania. Watu wote wakacheka.

Mimi sikucheka. Nilimvuta mkono mpaka akatoka. Mkono ulikuwa wa baridi, na mwepesi mno. Tulirudi mjini kwa lori la pamba.

Wiki ile ile Sista Sabina alikuja nyumbani, amevaa nguo za kupeleka pole. Aliniinamia sikioni pale mlangoni.

"Mama, Baba alifariki lini?"

"Nani kakwambia? Yuko ndani, anakunywa chai!"

Sista alichungulia sebuleni. Akamwona. Akapiga ishara ya msalaba.

"Watoto wanaogopa kwenda uani jioni," alinong'ona. "Wanasema kuna mama mfupi kwenye usukani. Nilidhani utoto. Juzi nikatoka mwenyewe... Mama, pembeni yake alikuwa yeye. Shati hilo hilo."

Nilimwambia airudishe gari. Naye akasema jana yake waliigawa kwa parokia ya mbali, na padri wa kule kaitia maji ya baraka, na bado hawaigusi. Nilimfuata shangazi Masalu nikapiga magoti. Akasikitika. "Ulimwambia achukue kilicho chake. Kachukua. Sasa unataka nimwambie nini?"

Wengine wanasema ni kiharusi kidogo. Daktari anasema ni majonzi. Mimi najua ninachokijua. Mwili wa Chenge uko kwangu. Anakula, analala, anakwenda kiwandani. Lakini jua likizama anakaa kwenye kochi, mwisho kabisa upande wa kushoto, kageukia kulia, anachekacheka. Poda inanuka nyumba nzima. Na mto wa kulia umebonyea, ingawa hakuna mtu.

Mnadhani nimemwachia? Thubutu! Mume ni wangu, nina cheti cha kanisa. Jana jioni nilivaa gauni la harusi yangu, nikaenda nikakaa palepale kulia, juu ya mto wenyewe. Ulikuwa na joto.

Chenge akaacha kucheka. Akaniangalia vizuri, kwa heshima, tangu usoni mpaka miguuni.

"Samahani, dada," akanong'ona. "Hapo pana mwenyewe."