Fomu ya Dirisha la Tatu

Saa sita kasoro dakika nane, ukumbi ulikuwa umejaa wanafunzi wakisukumana, na madirisha ya kukusanyia insha yalikuwa yanafungwa saa sita kamili. Sista, kama wazee anaowauguza wanavyomwita, akaingia anahema, bado na gauni lake jeupe la uuguzi. Asubuhi huogesha vikongwe katika nyumba ya wazee. Jioni husomea shahada ya uzamili ya sera za jamii. Insha tatu alishafaulu. Bila hii ya nne, asingeruhusiwa kuandika tasnifu.

"Dada, umeandika jina," alisema karani wa dirisha la tatu, shati lake la buluu limepigwa pasi hadi likakakamaa. "Mtahini hatakiwi kujua kazi ni ya nani. Namba tu."

"Kaka yangu, zimebaki dakika mbili!"

"Basi tusigombane." Akampenyezea jalada jipya. Sista alipokuwa akilijaza, karani akasoma kichwa cha insha kwa sauti ndogo: "Nani anamtunza mtunzaji?" Akainua macho. "Swali hili umelitoa wapi?"

"Mgongoni kwangu. Unaniuma kila siku."

Wakacheka wote wawili, wakapeana namba za simu. Kesho yake simu zikaanza.

"Mheshimiwa Dirisha, umeshakula?"

"Nilikuwa nasubiri unikaripie kwanza."

Kwa miezi mitano wakawa wanakula pamoja kwenye benchi nje ya maktaba. Waliongea yote, hadi wakaitana wapenzi, ila Sista akigusia tasnifu karani hugeuza maneno. Hata siku ya kuikusanya alimwelekeza dirisha la pili. Sista akadhani masomo yake yanamchosha.

Siku ya matokeo ya tasnifu, mbele ya namba yake palikuwa na neno moja: YAMEZUIWA. Akaenda dirisha la pili kuuliza.

"Muulize wa dirisha la tatu," karani wa dirisha la pili alimnong'oneza. "Yeye ndiye aliyepeleka fomu inayokuhusu."

Akapiga simu palepale.

"Umenishtaki?"

"Mpenzi, siruhusiwi kusema neno mpaka watahini wamalize."

"Usiniite mpenzi! Miaka miwili nasoma huku nimesimama, leo wewe ndiye wa kunizibia?" Akakata. Karani akampigia tena mara kumi na moja. Sista hakupokea hata moja.

Wiki iliyofuata akaitwa na mkuu wa mitihani, mama mtu mzima mwenye miwani inayoning'inia shingoni.

"Kaa, mwanangu. Mtumishi akitangaza uhusiano na mtahiniwa, tasnifu yake lazima isomwe pia na mtahini wa tatu kutoka nje. Ndiyo maana umechelewa. Umefaulu, tena kwa daraja la juu kabisa." Akamsogezea karatasi. "Sasa naruhusiwa kukuonyesha."

Aina ya uhusiano: undugu, biashara, ndoa, mengineyo. Alama ilikuwa kwenye mengineyo, na chini yake mwandiko uliotulia: *Nampenda mtahiniwa huyu. Yeye hajui. Naomba kazi zake zisipite tena mikononi mwangu.* Tarehe ilikuwa ya siku ile ya insha. Saa sita na robo.

Sista akaisoma mara tatu. Robo saa tu! Mtu kampenda, kisha kakimbilia kuiambia ofisi kabla ya kumwambia mwenyewe. Kala naye miezi mitano bila kuchungulia alama yake hata moja, na alipotukanwa kanyamaza ili jasho lake lisitiliwe shaka. Hakujua kama duniani kuna watu wa namna hii.

"Miaka ishirini niko hapa," alisema yule mama. "Sijapata kuona."

Sista akashuka ngazi mbilimbili, akapita foleni nzima huku watu wakiguna.

"Nataka fomu mpya," alisema, machozi yakimtiririka. "Ile imepitwa na wakati. Mtahiniwa anajua."

Karani akaitoa. "Aina ya uhusiano?"

 Sista akachukua kalamu, akatia alama, akairudisha chini ya kioo. Karani akaitazama. Alama ilikuwa kwenye ndoa.

"Hii... hii inahitaji sahihi mbili," alisema.

"Najua," alijibu Sista. "Nasubiri ya kwako."