Kivuli Kilichoangukia Kulia

Glavu-mwalimu ilimshika fundi bomba mmoja vidole, ikaiongoza penseli yake, na baada ya dakika kumi shavu la msichana wa anime, zile katuni za Kijapani, rubani mwenye nywele za buluu, likatuna juu ya karatasi. Fundi huyo hakuwahi kuchora chochote maishani isipokuwa ramani za mabomba. Alipiga kelele za furaha, akaituma picha kwenye Ubao wa Jiji, skrini kubwa ya katikati ya Mwanza ambako mashabiki walitundika michoro yao.

Kabula Ngassa, mhandisi aliyeitengeneza glavu hiyo, alikuwa amenuna. Katika picha elfu mbili za Ubaoni zilizochorwa kwa glavu, mwanga wote ulitoka kushoto. Hata mtu alipochora jua upande wa kulia, kivuli kiliangukia kulekule kwenye jua! Watu walishaanza kumcheka. Aliamua kuifuta kumbukumbu ya glavu na kuijaza mwendo uliobuniwa na kompyuta. Ilibaki ruhusa ya mtu mmoja tu.

Glavu yenyewe haikujua kuchora. Ilirudia mikazo ya misuli ya mchoraji aitwaye Spora Magesa, ambaye miaka mitatu nyuma alivaa mkononi vipokezi vya kunasa mikazo hiyo na kutuma rekodi zake. Kabula hakuwahi kuonana naye, hivyo akaenda nyumbani kwake kuomba ruhusa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita, ukae."

Mkono wa kulia wa Spora ulilala mapajani, hausogei.

"Mama, samahani, kuna hitilafu. Mbona vivuli vyote ulivitia kulia?"

"Dirisha la wodini lilikuwa kushoto kwangu," Spora alijibu. "Daktari alishaniambia ugonjwa utauchukua mkono. Basi nikavaa vile vipokezi vyenu siku arobaini, nikachora mpaka kidole cha mwisho kikagoma."

Kabula aliona aibu. Siku zote hizo aliita hitilafu kitu ambacho kilikuwa mwanga wa dirisha la mgonjwa.

"Kwa hiyo nikifuta..."

"Ndiyo basi tena, mkono wangu haupo. Lakini futa tu. Sitaki kuwapotosha watoto wa watu."

Kabula hakuifuta. Alifungua kompyuta yake na kuugeuza mwendo wote kama sura inavyogeuka kwenye kioo. Sasa mwendo ulifaa mkono wa kushoto, na mwanga ungetoka kulia. Kuanzia hapo, kwa kuchagua mkono wa kuvalia, mvaaji angeamua mwenyewe jua lake likae wapi. Akamvalisha Spora glavu mkono wa kushoto.

Penseli ikalala ubavu, ikapita chini ya kidevu cha rubani yuleyule wa nywele za buluu taratibu, ikirudiarudia mpaka weusi ukakolea. Spora aliutambua mwendo wake na akalia bila kujificha.

Baada ya saa nzima aliomba avuliwe glavu.

"Sasa niache nihangaike mwenyewe."

Kivuli cha pua alichokitia peke yake kilikuwa kizito na kimepinda. Hata hivyo ndicho alichokituma Ubaoni. Punde shabiki asiyemjua akamwandikia: "Hapo puani umekandamiza sana. Legeza mkono, anza upya."

Spora aliyasoma maneno hayo mara mbili, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Kabula aingie. Kwa miaka mitatu watu walikuwa wakimpa pole tu.

"Nipatie karatasi nyingine," alisema.